Mukeke Akataa Kuleta Soksi

Kila asubuhi kabla ya shule, Capitoline alichota maji bombani, akafagia kiwanja, kisha akampeleka Mukeke nyuma ya nyumba kumfundisha kazi. Mukeke alikuwa mbwa mdogo wa aina ya Labrador, mwenye miezi mitano, mweusi, aking'aa kama mukeke, samaki aliyempa jina, anapotolewa tu ziwani.

Mjomba Bertin ndiye aliyemleta mbwa huyo hapa mjini Baraka. Kazi ya mjomba ni kufundisha mbwa kutafuta watu waliofukiwa na udongo mvua inapobomoa mlima.

"Mbwa anayependa kuleta kitu ndiye atajua kutafuta muntu," alimwambia Capitoline. "Umutupie soksi mara tatu, basi. Acha wakati angali anataka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja kumuona. Akileta, atabaki kwako mpaka akomae. Akikataa, iko muchuuzi mumoja kule muji wa Misisi anatafuta mbwa wa kufunga mulangoni."

Majuma matatu Mukeke alileta ile soksi iliyojazwa vitambaa huku mkia ukizunguka. Kisha ikafika siku ya kufua. Mama Anastasie, mama yake Capitoline, alikuwa ameanika majanini kitenge chake kipya cha kwaya, akamwachia binti yake akilinde. Capitoline akasahau, akaenda kucheza. Ghafla akamwona Mukeke anakuja mbio, kichwa juu, kitenge mdomoni, kinaburuzwa kwenye matope. Alimletea mpaka mkononi. Capitoline alishika fimbo, akampiga mbwa hadi mkono ukachoka. Kitenge akakifua upya, asimwambie mtu.

Tangu siku hiyo, Mukeke hakumletea tena kitu.

"Leta!" Capitoline alipiga kelele, siku mbili kabla ya mjomba kuja. Mukeke aliitazama soksi, akabana mkia. "Leta, we mujinga!" Akatupa mara kumi, mara ishirini. Mwishowe akaisukuma soksi kwa nguvu kati ya meno yake. Mukeke akaitema.

Kezimana, msichana jirani wa darasa la sita, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakikimbia vita, alichungulia juu ya uzio wa matete.

"We Capi, hata mi ukinipigia kelele hivyo, sileti kitu."

"Nani amekuita?"

"Jana alikuja kwetu akaniletea kandambili ya mama. Mudomo laini, hakuna hata alama ya jino!"

Maneno hayo yalimchoma Capitoline kama pilipili jichoni. Mbwa wake, kumletea Kezimana!

Jumamosi Mjomba Bertin alishuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatupa soksi. Mukeke alikimbia, akainusa, akamwona Capitoline, akarudi kujificha nyuma ya pipa. Mjomba akakunja uso.

"Nani amepiga huyu mbwa?"

Akilini Capitoline alimwona Mukeke amefungwa mnyororo kule Misisi. Akasema haraka, "Ni Kezimana. Anamupiga na fimbo."

Mama Anastasie hakungoja. Alifika kwenye uzio, sauti ikasikika hadi barabarani: "Jirani! Mutoto wako ameharibu mbwa ya watu! Munapokelewa vizuri, munalipa na ubaya!"

Mama yake Kezimana alitoka, mikono myeupe kwa unga wa muhogo. "Mama Capi, tulivuka na batoto mugongoni. Kitu kimoja tu hatukupoteza njiani: jina letu. Nalo munalitaka?"

Watu wakajaa njiani. Kezimana alilia, akasema hakumgusa mbwa.

"Munyamaze wote," alisema Mjomba Bertin. "Mbwa hasemi uongo."

Akampa Kezimana soksi. Kezimana akafuta machozi, akachuchumaa, akairusha. Mukeke alichomoka, akaikamata, akamwekea mapajani huku mwili mzima ukicheza. Kisha mjomba akamwita Capitoline. Alipoinua tu mkono, Mukeke alilala chini, akajikojolea.

Hakuna aliyecheka.

"Ni mi!" Capitoline alilipuka kwa kilio. "Alileta kitenge cha mama na matope! Mi nilisahau kukilinda, nikamupiga yeye!"

Mjomba hakupaza sauti, lakini mishipa ya shingo ilimsimama. "Aliona kitu kizuri, akakukumbuka we. Mbwa hajui kitenge cha kwaya. Anajua tu kwamba alileta, akapigwa. Sasa atakuletea nini?" Akambeba Mukeke kuelekea pikipiki.

Capitoline hakumfuata mbwa. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama yake Kezimana. "Mama, nilisema uongo. Kezimana hakumugusa."

"Simama! Umetusingizia mbele ya barabara nzima, unaniomba musamaha sikioni?"

Capitoline alisimama, akawageukia watu, akarudia kwa sauti ili wa mwisho asikie. Mama Anastasie naye akasogea, macho chini. "Dada yangu, nami nilikutukana bila kuuliza. Mungu ameona. Unisamehe."

Mjomba Bertin aligeuka kutoka kwenye pikipiki. Kisha akamweka mbwa chini. "Mwezi mumoja. Atalala kwa Kezimana. Na we Capi, utaenda pale kila asubuhi kujifunza."

Aliwaonyesha wasichana wote wawili njia nyembamba kati ya nyumba mbili, mahali ambapo mbwa hana pa kwenda ila kurudi. Utupe karibu. Upige goti, ukae kimya. Akija, usimnyang'anye, umpapase kifua akiwa angali na soksi mdomoni. Mara tatu, basi.

Siku kumi na moja Mukeke alileta kwa Kezimana tu. Mara nyingi Capitoline alisikia hasira inapanda, akauma midomo. Siku ya kumi na mbili Capitoline alipotupa, Mukeke aliiokota soksi, akatembea polepole, akasimama, akamtazama mkono. Mkono haukuinuka. Akaja, akamwegemezea kichwa gotini, soksi mdomoni.

Mama yake Kezimana alikuwa mlangoni na ungo wake.

"Umeona, mutoto wangu?" alisema. "Hasira yako ilikula dakika moja. Kuitengeneza imekula siku kumi na mbili. Anayekuja kwako na kosa mukononi, umupokee kwanza, halafu umufundishe. Ukimupiga, kesho atakuficha kosa lake. Na uongo ni mubaya kupita fimbo, maana fimbo ilipiga mbwa mumoja, uongo ulipiga nyumba mbili. Mbwa amekusamehe leo. Sisi bantu tungali njiani. Haya, ingia unisaidie kuchekecha unga."