Funua na Tanuri la Shanga

Walimwita Funua. Sufuria ikiwa jikoni, anafunua. Kapu likiletwa, anafunua. Mkewe alisema, "Huyu hata kaburini atafunua sanda, ahakikishe kama ni yeye."

Siku hizo mkewe alikuwa anajifunza kutengeneza shanga za kioo. Aliyeyusha kioo kwa moto wa gesi uani, akakizungusha kwenye chuma chembamba. Kisha alichomeka chuma kwenye kopo la majivu ya moto, ushanga upoe.

Tik! Ushanga ukapasuka. Tik! Mwingine.

"Ni wewe na kufunua kwako!"

"Nimechungulia tu."

"Kuchungulia na kufunua ni baba mmoja, mama mmoja!"

Safari hii mkewe hakucheka. Kioo kile kilikuwa jagi la bluu la marehemu mama yake, lililovunjika walipohama. Alitaka kumfanyia dada yake mkufu. Vipande vilivyobaki vilitosha mkufu mmoja tu.

Moyo ulimuuma Funua. Akaenda kwa jirani yao, mama mfinyanzi.

"Hodi!"

"Karibu, shemeji. Usifunue kitu!"

"Nataka tanuri kubwa kama lako, la shanga za mke wangu."

"Kubwa? Unachoma shanga au kabati? Langu ni la vyungu, linafunguka juu. Ukilifungua likiwa na moto, joto lote linaruka pamoja na nyusi zako."

"Kwani majivu yana kosa gani?"

"Yanapoa haraka. Kioo kinapoa nje, ndani bado moto. Huku kunavuta, kule kunavuta. Kinapasuka, pengine hata kesho yake."

"Kumbe si mimi!"

"Ni wewe pia, shemeji."

Funua akajikuna kichwa. "Sasa nichague lipi?"

"Dogo, la umeme. Liwe na kipimo kinachoshika joto, kisha kinalishusha polepole. Mlango mdogo uwe mbele, chuma kiingie na ushanga wake bila joto kutoroka. Beba chuma cha mkeo kilicho kirefu kuliko vyote ukapimie dukani. Na kabla hujanunua, fundi umeme aangalie waya zenu."

Fundi alikuja, akafunga soketi ya tanuri tu, mbali na mapazia.

Dukani, muuzaji alisifia tanuri kubwa linalong'aa.

"Mlango uko wapi?" Funua aliuliza.

"Juu, mzee."

"Hapana. Hilo litaninyoa nyusi."

Akachomeka chuma kwenye dogo, lenye ukubwa wa redio. Kikaingia chote. Akalichukua.

Mkewe alijaribu kwanza kwa kioo cha chupa. Shanga zikatoka nzima. Ndipo akatoa kile cha bluu, bila kukichanganya na kioo kingine. Ushanga wa mwisho ulipoingia, kipimo kilishika joto, kisha namba zikaanza kushuka. Funua alikalia mikono yake.

"Nichungulie?"

"Chungulia kipimo."

Akachungulia kipimo mpaka usingizi ukamshinda.

Asubuhi tanuri lilikuwa baridi. Mkewe akasimama mbele yake.

"Haya, mume wangu. Sasa funua."

Akafunua. Hakuna hata mmoja uliopasuka.

Dada mtu alipouvaa mkufu, alishika ushanga mmoja akaugeuza kwenye mwanga.

"Rangi hii," akasema, "mbona naijua? Si ya lile jagi mama alilokuwa akitumiminia maji?"