Mgeni Aliyejua Majina Yote

Violeth alikuwa uani akikata viazi vitamu ili vikauke viwe michembe. Alikata kimoja, akafuta mikono, akapiga picha.

"Mama, hata viazi?" aliuliza Limi, binti yake wa miaka kumi na minne.

"Watu wanapenda," alijibu Violeth, akairusha picha mtandaoni.

Waliishi kijijini, si mbali na Kharumwa. Nkwabi, mume wa Violeth, alikuwa akivua samaki huko Nkome, na akiwa ziwani simu yake haikupatikana. Violeth alimkumbuka sana, na simu ikawa ndiyo mwenzake wa kuongea naye. Aliweka kila kitu kwenye ukurasa wake. Kaburi la baba mkwe, mzee Maduhu, karibu na ua wa minyaa. Limi akiwa na sare, amemaliza darasa la saba. "Baba Limi yuko ziwani, tumebaki wenyewe." Kusema kweli, alijisifu kidogo pia. Siku moja alisimama kati ya maksai wawili weupe akaandika, "Mifugo yetu."

Hakujua kwamba ukurasa wake ulikuwa wazi kwa mtu yeyote.

Mchana huo bodaboda ilisimama nje. Alishuka mwanamume nadhifu.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma safi. "Mimi ni Masalu, natoka Songwa. Mama yangu ni dada wa marehemu mzee Maduhu. Nionyeshe kaburi la mjomba, nadhani ni pale kwenye minyaa."

Moyo wa Violeth ulilainika. Kwetu, mtu akijua majina ya marehemu wenu na akasalimia vizuri, huyo ni ndugu. Haulizwi kitambulisho. Anapewa kiti, maji ya kunawa na chakula. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Violeth alileta michembe na karanga.

"Shemeji," alisema Masalu, "kaka Nkwabi amenituma. Limi amepata nafasi shule ya bweni Geita. Tukitoka sasa tutawahi basi."

Violeth alimpigia Nkwabi. Hakupatikana.

"Hutampata," alisema Masalu kwa upole. "Kaka yuko ziwani."

Ni kweli, aliwaza Violeth. Anajua kila kitu chetu. Akamwambia Limi afungashe nguo. Limi hakutaka, lakini kwa mkubwa hakubisha. Akaingia ndani.

Wakati huo jirani yao Ritha aliingia kuomba chumvi. Ritha alikuwa mkulima, tena mjumbe wa kamati ya kijiji ya kulinda wanawake na watoto.

"Nyumba hii ina neema," Masalu alimwambia. "Hata wale maksai wao wawili weupe, kaka Nkwabi amenisimulia."

Ritha alimtazama. "Nkwabi? Nkwabi hana hata mbuzi. Wale maksai ni wangu."

Violeth aliona aibu. Kisha akaingiwa na hofu kubwa zaidi ya aibu. Nkwabi asingesema uongo ule. Aliyeusema ni yeye Violeth, tena mahali pamoja tu, kwenye simu. Na kaburi je? Na mume kuwa ziwani? Yote aliyaweka mwenyewe.

Alisimama. Limi alikuwa anatoka na begi. Violeth alilichukua.

"Limi haendi popote," alisema.

Masalu aliinuka haraka, akadai dereva anamsubiri, akatoka. Lakini Ritha alikuwa amekwisha kumpigia mwenyekiti wa kijiji. Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zikalia. Bodaboda ilizuiwa barabarani, na Masalu akakabidhiwa kwa polisi. Kwenye simu yake zilikutwa picha za wasichana wengine, kila mmoja na jina la kijiji chake.

Violeth alilia. "Kwa kinywa changu nilimwambia mwanangu afungashe nguo, Ritha."

"Amekudanganya kwa maneno yako mwenyewe," alisema Ritha. "Zamani mtu wa kujua haya yote lazima awe amekaa na ninyi. Sasa anayajua akiwa mbali, amelala kitandani."

"Basi nitaitupa simu."

"Usiitupe, mama Limi. Ifunge mlango. Nyumba yako ina mlango, kwa nini simu isiwe nao?"

Violeth alifuta machozi. "Nifundishe sasa hivi."

Waliketi pamoja. Ritha alimwonyesha jinsi ya kubadili ukurasa ili waone marafiki tu. Wakapitia marafiki wenyewe. Wengi Violeth hakuwajua, akawaondoa. Akafuta picha za Limi, hasa za sare, maana sare inataja shule.

"Ukitaka kumrushia mtu picha ya mtoto, mwulize mtoto kwanza," alisema Ritha. "Na usitangaze kwamba mwenye nyumba hayupo. Mkisafiri, hadithia mkisharudi."

"Na maksai?"

"Maksai wangu wafute kabisa," alisema Ritha, na wote wawili wakacheka.

Miezi ikapita. Limi alichaguliwa kujiunga na sekondari. Siku moja alikuja mwanamume ambaye Violeth hakuwahi kumwona.

"Mimi ni Wiliam, binamu wa Nkwabi. Amenituma nimpeleke Limi shule."

Violeth alimpa kiti, maji ya kunawa, ugali na samaki. Kisha alimpigia Nkwabi. Hakupatikana.

"Shemeji, mimi ndugu wa damu unanipima?" alilalamika Wiliam.

"Kula ushibe, shemeji. Kwa jirani Amosi wamekuandalia pa kulala. Lakini mtoto haondoki mpaka nisikie sauti ya baba yake."

Asubuhi Nkwabi alipiga simu mwenyewe. "Huyo ni Wiliam kweli," alisema akicheka. "Mruhusu waende."

"Nimewaruhusu," alijibu Violeth, huku akivaa viatu. "Na mimi naenda nao."