Sarajevo Yote Kinywani mwa Zejna

Harufu ilianzia kwenye kona ya uani: jivu lililoloa na maji ya vyombo yaliyolala. Rabija alipiga deki, akamwaga siki, akapiga deki tena. Jioni ikarudi vilevile, safari hii mpaka jikoni, ikatanda juu ya unga aliokuwa anausukuma.

"Nusret, wewe husikii harufu hii?"

"Ni mfereji tu, mke wangu. Mvua ikinyesha, mtaa wetu wote wa Vratnik unanuka."

Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Lakini Nusret ndivyo alivyokuwa, jibu analo la kila kitu, na tamu kuliko la kweli. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, na sijamwona mtu aliyeupenda mji huu kwa mdomo kama yeye. Aliwaonyesha mnara wa saa kule chini sokoni, ule unaohesabu kama Waswahili, jua likizama mishale iko kwenye kumi na mbili. Zamani wageni waliachama. Siku hizi wanainama kwenye simu zao na kumwambia, "Hiyo tumeshaisoma."

Neno hilo lilimchoma hadi akawa halali. Akaanza kutafuta jambo ambalo simu hailijui, na kwa bahati mbaya akaikumbuka kona ya uani kwake.

Nyumba za zamani kule mlimani zina kona ya namna hiyo. Ndipo mabibi walipomwaga jivu na maji ya moto, na hawakumwaga bila bismillahi, wala mtoto hakuruhusiwa kupakanyaga, hasa magharibi, maana majini waliokaa pale nao wana nyumba yao. Marehemu mama yake Nusret alipafunika kwa bamba la jiwe. Mwanawe akalinyanyua kwa mtaimbo, na hapo ndipo harufu ilipoanza; kisha akawaleta wageni jua likizama, wakati taa za minara zinawaka mteremko mzima, akamsimamisha pale binti yake Zejna, mtoto wa darasa la tatu, awe mfano.

"Ukisimama hapa magharibi," akawaambia, "mji unakunong'oneza siri zake."

Alikuwa ameitunga asubuhi ile akinyoa ndevu.

Zejna alikuwa akiwatabasamia wenye kamera. Tabasamu likamganda. Akasema, kwa sauti yake ileile ya kitoto, kwamba chini ya sakafu ya kinyozi wa mtaa wa pili kuna kisima, na kisimani kuna kengele iliyofichwa na watu waliokimbia moto. Kinyozi, kwa ubishi tu, akabandua ubao. Kisima kilikuwepo, na kengele ilikuwemo.

Mtaa mzima ulishangilia. Nusret alimbeba binti yake mabegani mpaka nyumbani. Rabija peke yake ndiye aliyeona kwamba walipofika mlangoni paka akaja kujisugua, Zejna alirudi nyuma.

"Mama, huyu paka wa nani?"

"Acha mzaha. Si Garo wako huyu?"

"Simjui," alisema mtoto, na hakuwa anatania.

Kuanzia hapo Nusret akawa anamuuliza kila magharibi. Mtoto akaeleza ni ukuta gani ulio na mlango nyuma ya plasta, na mfua shaba gani alizikwa na nyundo yake kwa kuwa mkewe hakutaka mwingine aishike. Watu walikwenda kutazama na kukuta kweli. Na kwa kila siri ya mji aliyoitoa, kitu chake mwenyewe kilimtoka. Likaenda jina la mwalimu, ukaenda wimbo wa kuruka kamba, ukaenda uso wa rafiki yake wa jirani, aliyelia barazani kwa kuulizwa yeye nani.

"Nusret, mtoto anaisha!" Rabija alisema kwa kunong'ona, maana nyumbani kwao sasa walikuwa wakinong'ona. "Anakupa wewe, yeye anabaki mtupu. Huoni?"

"Watoto husahau. Mimi mwenyewe simkumbuki mwalimu wangu wa darasa la tatu."

"Ulimsahau baada ya miaka thelathini, bwana wee! Huyu kamsahau akiwa bado anamfundisha!"

"Wiki hii tu. Kuna profesa anakuja kumsikiliza."

Rabija alitamani kumvunjia birika la kahawa kichwani. Alikwenda kwa shehe wa msikiti wao, shehe akamsomea mtoto, harufu ikatulia. Nusret akarudi kutoka kazini na swali lake, ikaamka upya. Alimfungia mtoto chumbani, na mume akamuuliza kupitia tundu la ufunguo. Utapigana vipi na jini ambalo mwenye nyumba ndiye analiwekea mto?

Halafu ikaja magharibi moja ambayo Rabija alikuwa amesimama dirishani akikunja nguo, akasikia nyuma yake hatua za mwanawe, nyepesi, za miguu mitupu, kisha nyuma ya hatua hizo akasikia nyingine zilizoburuta majimaji, na ile harufu ya jivu ikamfika puani kabla hajageuka, na alipogeuka akamwona Zejna peke yake mlangoni, sakafu imelowa nyuma yake mpaka uani, macho yake yakimtazama kwa adabu, ile adabu ambayo mtoto aliyelelewa vizuri huwapa watu asiowajua.

"Samahani, shangazi," alisema Zejna. "Mama yangu yuko wapi?"

 Rabija alimfunga shali, akamshika mkono, akateremka naye hadi ng'ambo ya mto, mtaa wa Bistrik, kwa Bibi Devleta, mwanamke anayewatoa watu hofu kwa kuyeyusha madini ya risasi. Nusret aliwafuata mbio, viatu havijafungwa. Kumwona binti yake akimwita mama yake shangazi kulimtoa jasho hata yeye.

Bibi Devleta alimnusa mtoto utosini, akakunja uso.

"Nani humuuliza?"

"Mimi," alisema Nusret.

"Basi wewe ndiye unayemlisha. Jini huyu anaishi kwa kuulizwa. Ninapomwaga risasi anatoka kwa mtoto, anakuwa hana kwao. Mpaka maji yapoe, mtu asiulize neno, hata saa ngapi. Atakayeuliza kamfungulia mlango wake mwenyewe. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, bibi. Wallahi sifungui mdomo."

Wakamfunika Zejna shuka jekundu. Bibi Devleta akaweka bakuli la maji juu ya kichwa chake, akaanza kusoma, akainamisha kikaango. Risasi ikalia majini kwa sauti kali, mvuke ukapanda, chumba kikajaa harufu ya jivu hadi Rabija akaziba pua.  Kisha sauti ikatoka chini ya shuka, taratibu, si ya mtoto tena:

"Yule aliyeujenga mnara wa saa, kabla ya kufa, aliacha ndani ya ukuta..."

Ikakoma hapo. Maji yalikuwa bado yanachemka.

Rabija alimrukia mumewe kumziba mdomo. Alichelewa kidogo tu.

"Aliacha nini?"

Shuka likaanguka. Zejna alikuwa anapepesa macho kama aliyeamshwa. "Mama," alisema, "nina njaa. Garo kala?" Rabija akamkumbatia, akalia kwa sauti, akacheka, akalia tena. Bibi Devleta hakumtazama mtoto. Alimtazama Nusret, aliyekaa ukutani akitabasamu, akitikisa kichwa, kama mtu anayeelezwa jambo zuri sana sikioni.

Hakurudi nyumbani siku ile. Wakamtafuta mjini kote, kumbe alikuwa kazini. Wageni walimfuata kwa makundi, simu zimezimwa, maana alichosema hakikuwa kimeandikwa mahali popote.

Wiki iliyofuata, jua likizama, alipanda nao Vratnik, akawasimamisha mbele ya mlango wake mwenyewe.

"Katika nyumba hii," aliwaambia, "aliishi mtembeza wageni aliyempenda mno binti yake, lakini alipenda zaidi kujua. Jini likamwingia mtoto..."

Akaisimulia yote, bila kukosea neno. Wageni wengine walikuwa wanafuta machozi. Rabija alikuwa amesimama kizingitini, ngumi zimekaza.

Zejna alichungulia pembeni ya sketi ya mama yake. "Baba," aliita.

Nusret aliinama kwa upole wake wote wa kazini. "Baba yako yupo, mrembo? Tungemwomba wageni waone ua."

Zejna alimtazama mama yake, kisha akamjibu kama anavyojibiwa mpita njia.

"Hayupo," alisema, na akafunga mlango.