Shingo Ibaki Nje

Gazeti lilikuwa limelowa. Kitunguu cha ua la amarilisi kilichofungwa humo kilikuwa katika wiki ya saba chini ya kitanda, gizani, bila tone la maji, lakini asubuhi hiyo ya Sabato Gladys alipokivuta, vidole vyake vilitoka vimelowa. Akavinusa. Petroli.

Kitunguu hicho ndicho kitu pekee alichookoa siku walipomchoma mama mkwe wake, Kemuma. Na kosa la Kemuma lilikuwa nini? Alipenda maua. Kila mwaka yalipokauka alikata bua, akaacha majani yanywe jua, kisha akavinyima vitunguu maji na kuvilaza gizani wiki nane ili vichanue upya. Majirani kijijini Nyaramba wakaona vitu vya mviringo vimefungwa magazetini, wakasema ni vichwa vya watoto. Vichwa! Hata gazeti moja halikufunguliwa. Wanaume wanne walimtoa nje mchana kweupe, na aliyetangulia ni Nyangau, mwanawe wa kumzaa, ambaye sasa anachuma majani chai ya mamake na kuketi kiti cha mbele kanisani.

Mlango ulisukumwa. Nyangau huyo, panga mkononi, skafu shingoni na jua lote lile.

"Shemeji, umenifanyia nini?" Alinong'ona, kana kwamba kuna wa kumsikia. Akavuta skafu. Vidole vitano vilikuwa vimemwunguza kooni, ngozi imebanduka, na harufu ya nyama iliyoungua ikajaa chumba. "Kila nikilala ananishika."

"Nani?"

"Usinichezee! Lete hicho kitunguu nikizike. Na kanisa likitoka tunakuja wenzangu na mimi. Unajua tulivyomfanya yule mzee."

"Yule mzee alikuwa mama yako."

Alimpiga kwa ubapa wa panga. Gladys alianguka, akatema jino, na Nyangau akakwapua kitunguu, akatoka mbio hadi chini ya mgomba, akachimba shimo la kufika goti. Alikitupa ndani, akakifukia chote.

Gladys, damu ikimtoka mdomoni, alipaza sauti bila hata kufikiri. Ni mazoea tu, maana Kemuma alimfundisha kupanda kitunguu hivyo miaka kumi. "Shingo ibaki nje! Ukiizika inaoza!"

"Hata leo unanifundisha kulima?" Nyangau akacheka, akakanyaga udongo.

Udongo ukavuta pumzi.

Ulimshika kifundo cha mguu, ukamteremsha, na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa gotini, ukalia tena, na alipoinua panga kuukata udongo akajikata paja lake mwenyewe, akazidi kuzama hadi kiunoni, hadi kifuani, kucha zikibaki kwenye mizizi ya mgomba, huku sauti ya bibi kizee, tulivu, ya mtu anayefundisha, ikitoka chini ikisema, "Taratibu, mwanangu, udongo usizidi," na mikono isiyoonekana ikimshindilia pande zote, pa, pa, pa.

"Baba!" alilia Nyangau. "Baba! Baba!"

Mgeni angedhani anamwita babake. Kwa Ekegusii, lugha ya kwao, baba ni mama.

Ulipofika mabegani udongo ulitulia. Shingo ilibaki nje. Amepandwa sawasawa. Kisha taya likapasuka, meno yakamwagika, na bua la kijani, nene kama mkono wa mtoto, likapanda kutoka kooni likiwa na vichwa vinne vya maua. Kimoja kilichanua papo hapo, chekundu.

Kwaya ya kanisa ikamaliza wimbo wa mwisho.

Muda si muda wale wenzake watatu, Ogoti, Anyona na Obwocha, waliingia uani na suti zao za Sabato, Ogoti amebeba jerikeni. Waliona. Jerikeni ikaanguka.

"Mama Ian," Ogoti alimwambia Gladys, "sisi... sisi tulipita tu kukusalimu."

"Na petroli?"

Walitaka kukimbia, lakini viatu vyao vilikuwa vimezama, kidogo tu, hadi kwenye kamba.

Gladys aliyatazama maua matatu yaliyofumba. Moja lilimwelekea Ogoti, la pili Anyona, la tatu Obwocha. Alijua kazi hii: ukilinyima maji, linalala; ukilipa, linachanua.

"Mama Ian, tafadhali. Hilo ni nini?"

"Ni ua tu," alisema, akafuta damu mdomoni, akaenda kwenye tangi kuchota maji.