Mashine Iliyokuwa Ikitona

Mchana ule nyumba ilitulia kama maji ya mtungini. Fundi bomba alijinyoosha kwenye kochi, macho nusu yamefumbwa. Chumba cha pili mkewe aliyamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Ndani ya kila yai palikuwa na kivuli kizito kikijigeuza polepole, kama mtu anayeota.

Zamani usingizi wa mchana haukuwepo. Jenereta ilinguruma uani na moshi wake uliingia mpaka kwenye mashuka. Siku moja ilizimika, mashine ya kutotolea vifaranga ikapoa, na mayai yote yakafa. Mama wa nyumba alilia, kisha akaapa kwamba akipoteza mayai tena, biashara ya vifaranga basi.

Ndipo kampuni moja ya mitambo ikawaletea seli ya haidrojeni, mtambo wa kufua umeme kwa gesi, waijaribu. Lilikuwa sanduku jeupe lenye kimo cha kiuno, na mtungi wake wa gesi ulikaa nje, kivulini. Halikutoa moshi wala kelele. Lilivuma tu, kama nyuki walio mbali.

Machoni pa fundi bomba lilikuwa na ila moja. Lilitona maji. Chini yake palikuwa na mrija mwembamba, na mrija ule ulidondosha tone, ukapumzika, ukadondosha jingine. Mtu huyu alikuwa ameziba mabomba ya mtaa mzima, hata watu wakamwita Kizibo. Leo chombo kivuje ndani ya nyumba yake? Alimwambia mkewe kwamba watu watamcheka, watasema kinyozi hajinyoi. Mkewe akamjibu aache vya watu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mama alipotoka kidogo, mzee alikata kipande cha kandambili kuukuu, akakisokomeza kwenye mrija, akakaza kwa waya. Kisha akarudi kwenye kochi na kulala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Akaota yumo ndani ya bomba refu la mwanga. Maji yalimbeba taratibu, ya uvuguvugu, nayo yalivuma kama nyuki. Mara uvumi ukakatika. Maji yakasimama, mwanga ukafifia.

"Baba watoto, amka," mkewe alikuwa akimtikisa bega. "Umeme umekwenda. Joto linashuka."

Mayai mawili yalikwisha kupasuka nyufa. Vifaranga vililia ndani ya maganda, sauti nyembamba kama za ndotoni. Mama akaifunika mashine ya vifaranga kwa blanketi ili joto lisitoroke. Mzee alidhani gesi inavuja mtungini, akatoa kiberiti mfukoni aende kuupima kwa moto.

"Ukitaka kuichoma nyumba," mkewe alisema, "niambie kwanza nitoe mayai."

Akakirudisha kiberiti mfukoni. Mama akampigia simu fundi wa mitambo, binti wa nyumba ya tatu aliyekuwa akiuangalia mtambo ule. Alifika na mkoba wake, akainama, akauona mrija. Aliuliza ni nani aliyeziba pale. Mama akatazama dari. Mzee akakohoa.

"Mzee wangu," binti alisema, "hayo maji hayavuji. Yanazaliwa humo."

Huku akikata waya, aliwaeleza. Haidrojeni inatoka mtungini, oksijeni inatoka kwenye hewa hii tunayovuta. Ndani zinakutana kwenye utando mwembamba, bila moto. Zikiungana tunapata umeme, joto na maji. Maji yakikosa njia, yanafurika ndani ya seli na kuziba mapito ya hewa. Hewa isipopita, umeme unakufa. Wataalamu wanaendelea kuboresha mifereji ya ndani ili maji yatoke upesi, lakini hakuna mfereji unaoshinda kandambili.

Mzee aliuliza kama gesi ile haiwezi kuwalipua. Binti hakumficha: inashika moto haraka, nayo haina harufu, basi pua haitawasaidia. Ila ni nyepesi, hupaa. Ndiyo maana tundu la juu ukutani lisizibwe kamwe, na kiberiti kisisogee karibu. Wakishuku inavuja, wafunge mtungi, watoke nje, wamwite. Mzee akakitoa kiberiti na kumkabidhi mkewe.

Binti akachomoa mpira. Maji yakamwagika, maangavu, mengi kuliko walivyotarajia. Alifungua vali ndogo, seli ikajipuliza mpaka ikakauka ndani, kisha akaiwasha. Uvumi ukarudi. Wote watatu walikaa sakafuni wakitazama kipimo cha joto cha mashine ya vifaranga kikipanda.

Kabla ya jua kuzama, mzee alikuwa ameunga bomba kwenye mrija, lenye mteremko mzuri, likapeleka maji nje hadi kwenye miche ya nyanya. Alilikagua mara mbili asije akaacha kona ya kutuamisha maji.

Asubuhi mama alimwita. Trei ilijaa vifaranga, vingine vimekauka na kuwa pamba, vingine bado vimelowa na kushangaa. Nyumba nzima ilisikika ikilia kwa sauti zile ndogo, na hakuna jenereta ya kuzifunika. Mzee alikiinua kimoja, akakiweka kiganjani, akakisogeza karibu na uso wake. Kifaranga kilimtazama, kikafumba jicho, kikamnyea.

"Huyo naye anavuja," mkewe akasema. "Mwache hivyo hivyo."