Karibu Mbele

Kengele ya mkanda ilianza kulia hata kabla gari halijatoka getini. Mkunga akajitazama kifuani: wake ameufunga. Akatazama kiti cha pembeni: kitupu, hata mkoba hakuna. Lakini taa nyekundu ya abiria ilikuwa inawaka na kuzima.

"Mdogo wangu, hii nini tena?"

"Ubovu mdogo tu huo, dada," fundi akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Wewe endesha."

Akaendesha. Sasa angemwamini nani kama si huyu? Mama yao alipofariki, mkunga ndiye aliyemlea mdogo wake huyu, akamsomesha ufundi. Mke wa fundi alipojifungua mara ya kwanza, kitovu kimemzonga mtoto shingoni, ni mikono hii hii iliyomtoa mzima, na sasa wifi huyo alikuwa na mimba ya pili, mwezi wa tisa. Mkunga alikuwa amechoka kukimbilia wanaojifungua kwa miguu. Ya magari hakuyajua zaidi ya rangi. Fundi alipomwambia kuna gari la mteja, zuri, bei poa, twende ukalijaribu, alifurahi kama mtoto.

Jambo moja tu lilimshangaza. Kabla hawajaondoka, fundi alisimama nje, mikono mfukoni, akamtania: "Mwenye gari humkaribisha mgeni wake. Haya, nikaribishe!" Mkunga akacheka, akafungua mlango wa mbele, akasema, "Karibu mbele, bwana mkubwa!" Fundi akazunguka, akaingia nyuma. Eti springi husikika vizuri ukikaa huko.

Jua la saa sita lilikuwa kali, njia nyeupe. Kwenye kona ya kwanza ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha. Mkunga akashusha kioo, harufu ikazidi. Kwenye kona ya pili kiti cha mbele kikabonyea taratibu, kama mtu anapojiweka sawa, na kioo cha upande ule kikaanza kuingia ukungu kwa ndani, pumzi moja, kisha nyingine, na mkunga, ambaye maisha yake yote amesikiliza pumzi za watu, akajua kabisa kwamba aliyekuwa anapumua pale hakuwa na haraka, alikuwa ametulia kama mgeni aliyealikwa.

Akatupa jicho kwenye kioo cha juu. Fundi hakuwa anasikiliza springi yoyote. Alikuwa analia.

"Ulijua," mkunga akanong'ona.

"Nisamehe, dada."

"Ulijua nini? Sema!"

"Gari ni langu. Nililinunua mnadani, jini akiwamo. Miezi mitatu anasimama mlangoni kwa mke wangu, anamhesabia siku. Anamtaka mtoto. Mganga akasema hafukuziki, huondoka na atakayemkaribisha kwa mdomo wake, na humfuata huyo popote aendako."

"Ukanichagua mimi."

"Wewe huna mtoto, dada," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Kwako hana cha kuchukua."

Loo! Woga wote ukamtoka mkunga, ikabaki roho kumuuma. Utasa wake, alioulilia gizani miaka yote, ndugu yake alikuwa ameupigia hesabu. Akaegesha gari, akazima injini, akachomoa ufunguo. Kengele ikaendelea kulia.

Ndipo simu yake ikaita, akaipokea kwa spika. Sauti ya wifi ilijaa gari zima.

"Wifi yangu, chupa imepasuka! Mume wangu hapokei simu. Jirani kanitazama, anasema miguu ndiyo inatangulia. Mtoto anakwama, wifi, kimbia! Hakuna mwingine hapa anayejua!"

Fundi alikuwa ameshika kiti cha dada yake kwa mikono miwili.

"Dada, usiende. Nakuomba. Utamfikisha kwa mtoto."

"Nisipokwenda, mtoto hatoki hai. Hilo unalijua."

"Wifi?" sauti ikaita tena simuni. "Uko njiani?"

Mkunga akageuka, akamtazama yule kijana aliyemlea.

"Mkeo ananiita," akasema. "Niende, nisiende?"

Kwenye kiti cha mbele mkanda ukavutika polepole, ukajifunga, tak, na kengele ikanyamaza.