Waliovuta Nyumba ya Yvelande

Jioni ile nilitoka kuwapa maji ng'ombe wangu wawili wa kukokota, Lucero na Clavel. Nikafungua kufuli la zizi kwa ufunguo ninaouvaa shingoni.

Zizi lilikuwa tupu.

Majani yao yapo, joto la miili yao lipo. Kufuli zima, ukuta mzima... ng'ombe hawapo.

Nilijua pa kuwatafuta hata kabla sijaangalia nyayo. Ndiyo maana miguu ilikuwa mizito.

Hapa kwetu kisiwani Chiloé, bahari ikiula ukingo hatubomoi nyumba. Tunaihamisha nzima. Inapandishwa juu ya magogo, ng'ombe wanafungwa kamba, kijiji kizima kinavuta, na mwenye nyumba anapika. Malipo hakuna. Mwenye shida hupita mlango kwa mlango kuomba, na ombi hilo halikataliwi. Wazee walituonya kwamba walio hai wakikataa, wataitika wengine.

Yvelande alipita milango yote Jumapili. Ni Mhaiti, mweusi, analea binti yake peke yake, na kiwandani tunamenya kome meza moja. Nyumba yake ilikuwa imebakiza kipande kidogo cha ardhi iangukie baharini, na maji makubwa ya mwezi mpevu yalikuwa yanakuja usiku ule ule ng'ombe walipotoweka.

Jirani yangu Nolberto alimfungia mlango usoni.

"Mchawi huyo! Tangu aje viazi vinaoza. Si awaite mashetani wake wamvutie?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Alipofika kwangu hakulia wala hakulalamika. "Mama Edelmira, naomba ng'ombe wako na mikono yako."

"Goti, mwanangu. Goti linaniua."

"Pole, mama." Akainama, akalipapasa goti langu kwa kiganja chake chenye makovu ya magamba ya kome. Goti zima kabisa. Nikamwacha alipapase.

Viazi vyetu vilianza kuoza mwaka mmoja kabla hajaja, na sote tulijua. Chuki ilitangulia. Uchawi tuliutafuta baadaye, ili chuki isitembee uchi. Alichotukosea ni kucheka kwa sauti, kupika kwa pilipili, na kuwa na ngozi ile. Na mimi nilihitaji kuambiwa hayo? Marehemu mume wangu Belarmino alitoka visiwa vya kusini, wakamwita "wa kuja" mpaka anakufa. Jeneza lake lilibebwa na watu wanne, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Nikafuata nyayo ndani ya ukungu.

Kwanza nikasikia magogo. Krrr... krrr... Kisha ikaja harufu. Ng'ombe walioloa. Na tumbaku... tumbaku kali ya kusini, ambayo hapa kijijini hakuna anayeivuta tena.

Nikajibanza nyuma ya kichaka cha miiba.

Nyumba ikapita mbele yangu. Taa inawaka, binti wa Yvelande anachungulia dirishani. Kamba zimekaza pande zote mbili, na hapakuwa na mkono hata mmoja uliozishika. Matope tu yalikuwa yakikanyagika, chwa... chwa... chwa... kama ya umati wa watu. Mbele kabisa, ng'ombe wangu, wamefungwa nira.

"Haya, Lucero... taratibu, Clavel..."

Sauti hiyo niliizika mimi, majira mawili ya baridi yaliyopita.

Kamba moja ilikuwa ikiburuzika matopeni, imelegea, haina mvutaji. Ilipita karibu na mkono wangu. Ningeweza kuishika. Sikuishika, na naona aibu kusema kwa nini. Si wafu niliowaogopa. Niliogopa Nolberto asije akaniona.

Nikakimbia hadi nyumbani bila kuchechemea.

Kufuli la zizi lilikuwa limefungwa. Ndani, ng'ombe wangu wakanitazama, wameloa mpaka tumboni, alama za nira shingoni. Nikaingia ndani ya nyumba na kuketi gizani.

"Hodi, mama..."

Alikuwa Yvelande, ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa. Nyama ya nguruwe na viazi, bado vinafuka. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Nyumba imefika juu, mama! Chakula hiki ni sehemu ya mume wako. Yeye ndiye aliyeongoza kazi, na hakutaka kula. Kasema nikuletee wewe. Mbona hukuwahi kuniambia una mume?"

Nikashika mwimo wa mlango. "Yukoje huyo?"

"Mzee mpole. Sweta la kijivu, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake."

Nililifuma mimi. Nilimzika nalo.

"Alikuulizia," akasema kwa sauti ya chini. "Mara mbili. 'Edelmira hajafika?' Alikuwa amekuwekea kamba. Nikakutetea, mama. Nikamwambia goti linakutesa."

"Akasemaje?"

"Aliitazama kamba yako matopeni. Kisha akasema, 'Goti? Basi mwambie nikimaliza hapa nitapita nyumbani nilitazame.'"

Akanibusu shavuni, akaondoka zake kwa binti yake.

Sikufunga mlango kwa komeo. Mlango ni wa Belarmino pia. Nikaiweka sahani mezani, nikawasha taa, nikavuta kiti kuelekea nje.

Kule uani... chwa... chwa... Harufu ya tumbaku ikapenya chini ya mlango.

Nikapandisha gauni juu ya goti. Goti zima, halina hata mkwaruzo. Nikaliweka kwenye mwanga, nikangoja.